Namna ya Kuendesha Mjadala wa Wanafunzi Kuhusu Wajibu wa Sayansi na Teknolojia

Kila muhula unapoanza, viongozi wapya wa klabu za sayansi katika shule na vyuo vya Dar es Salaam huuliza maswali yaleyale: tuchague mada gani, tuwe wangapi, nani awe mwenyekiti, na tufanyeje ili watu wasimalize saa nzima wakirudia kwamba sayansi ina faida na hasara zake. Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza, uwe kidato cha tatu au mwaka wa kwanza chuoni. Ukiufuata, utafika kwenye mjadala unaomalizika kwa uamuzi ulioandikwa.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea. Maadili ya sayansi hayajadiliki kwa ujumla. Hakuna mtu anayewajibika kwa teknolojia nzima. Kila mmoja anawajibika kwa kile alichokiamua, iwe ni kuidhinisha ghorofa liongezwe, kumnyima mgonjwa dawa, kusitisha jaribio la mbegu au kuandika mistari kadhaa ya programu ya simu. Kazi yako ni kutafuta uamuzi mmoja wa namna hiyo na kuuweka mezani. Ile hoja iliyozoeleka katika midahalo ya shule, kwamba sayansi na teknolojia zimeleta madhara kuliko faida, iache kwa siku ya mashindano, kwa sababu pale watu wanatafuta ushindi na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Huhitaji projekta wala maabara. Unahitaji vitu vifuatavyo, na vitatu vya mwanzo vikikosekana ni afadhali uahirishe:

- Karatasi ya kisa isiyozidi ukurasa mmoja, nakala moja kwa kila watu wawili. Ikiwa fedha ya kutoa nakala haipo, kisa kiandikwe ubaoni kabla watu hawajaingia.
- Dakika 80, yaani vipindi viwili vinavyofuatana. Katika kipindi kimoja watu huishia kwenye kutoa maoni, na kengele hulia wakati ambapo wangeanza kufikiri.
- Watu watatu wenye kazi maalumu: mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Mwenyekiti haruhusiwi kutoa msimamo wake hadi kikao kiishe, kwa hiyo usimpe kazi hiyo mwanafunzi mwenye maneno mengi kuliko wote.
- Washiriki kati ya 8 na 20. Wakizidi, wagawanywe katika makundi yanayojadili kisa hichohicho.
- Ubao na chaki, au karatasi mbili za manila na kalamu za wino mzito.
- Ruhusa ya mwalimu mlezi, iombwe kwa maandishi na iambatane na nakala ya kisa. Mwalimu aliyekiona kisa mapema hatakatiza kikao katikati kwa kushtushwa na jina la wizara au kampuni.

Hatua ya 1: Chagua kisa chenye uamuzi ndani yake

Jaribu kukamilisha sentensi hii: "Wakati fulani mtu huyu angeweza kufanya jambo hili au lile, naye akafanya hili." Ikikamilika, una kisa. Isipokamilika, ulichonacho bado ni mada, na mada kama "akili mnemba na jamii" haitoi mjadala. Hutoa hotuba fupifupi zinazofuatana.

Visa vya nyumbani ni vingi. Mwaka 2016 jaribio la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili ukame lilianza katika shamba la utafiti la Makutupora, Dodoma, na Novemba 2018 Serikali ikaamuru lisitishwe na mabaki yaharibiwe. Hapo kuna maamuzi mawili, la kuanza na la kusitisha, na swali la nani alistahili kuulizwa kabla ya kila moja. Hapa jijini, kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko, kwa msaada wa simu na ndege zisizo na rubani. Je, ramani inayoonyesha nyumba ya nani inafikiwa na maji inaweza kumdhuru aliyejitolea kuichora? Swali hilo lina uzito wa pekee kwa sababu waliochora walikuwa wanafunzi kama wewe.

Ukitaka kisa cha nje, Fritz Haber hachoshi. Mkemia huyu Mjerumani aligundua namna ya kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewani, ugunduzi ambao ndio msingi wa mbolea ya urea anayoijua kila mkulima wa mahindi. Huyohuyo alisimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na bado akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918. Mweke karibu na Joseph Rotblat, mwanafizikia aliyeuacha mradi wa Marekani wa bomu la atomiki mwishoni mwa mwaka 1944, baada ya kujua kwamba Ujerumani haikuwa inaliunda bomu hilo, na ambaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1995. Wanafunzi wanaodai kwamba mwanasayansi hana la kufanya mbele ya dola hulazimika kumjibu Rotblat.

Tahadhari: uwe mwangalifu sana na misiba ya karibuni. Kuporomoka kwa jengo Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 ni kisa kizito cha wajibu wa kitaaluma, lakini katika jiji hili huwezi kujua aliyeketi mbele yako amempoteza nani. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, lililoanguka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, linabeba maswali yaleyale kuhusu mhandisi, mkandarasi, mwenye jengo na mkaguzi, na umbali wa miaka unasaidia. Hata hivyo, uliza faragha kwanza kama kuna mshiriki aliyeguswa.

Hatua ya 2: Andika karatasi ya kisa

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea zaidi, kwa kuwa huandika insha yenye hukumu tayari. Karatasi ya kisa ina watu, fedha, muda na maneno yaliyosemwa, basi. Neno kama "kikatili" au "kwa bahati mbaya" likionekana, lifute. Huu ni mfano wa kutunga unaoweza kuutumia kama ulivyo:

*Kampuni changa jijini inatengeneza programu ya simu ya kukopesha fedha. Anayeipakua huombwa ruhusa ya kusomwa majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Mama lishe wa Manzese anabonyeza "kubali" bila kusoma, anaomba mkopo wa Sh 50,000, anapokea Sh 38,000 baada ya makato, na anatakiwa kurejesha Sh 50,000 baada ya siku 7. Siku ya nane asubuhi, shangazi yake, mwenye duka anakochukulia mchele na shemeji yake wanapokea ujumbe unaosema kwamba yeye ni tapeli. Sehemu ya programu inayokusanya majina iliandikwa na kijana wa miaka 24 aliyemaliza chuo mwaka uliopita, na hii ndiyo ajira yake ya kwanza. Wiki mbili kabla programu haijaanza kutumika alimuuliza msimamizi wake majina hayo ni ya kazi gani. Alijibiwa kwamba ni kwa ajili ya usalama, akaendelea na kazi.*

Angalia kilichomo. Kuna kiasi cha fedha ambacho washiriki wanaweza kukipigia hesabu wenyewe ubaoni, kuna swali lililoulizwa na jibu lililotolewa, na kuna mtu mwenye sababu ya kueleweka ya kunyamaza. Kisa ambacho mkosaji wake ni shetani mtupu hakina mjadala. Kisa hiki pia hakiko mbali na maisha ya hapa: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, na mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu haihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyekulia Dar.

Ukiandika kisa cha kweli, soma vyanzo viwili au zaidi. Magazeti ya zamani yanapatikana Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kwa masuala ya vibali vya utafiti ofisi za Tume ya Sayansi na Teknolojia zipo Kijitonyama, eneo ambalo makondakta wa daladala hulitangaza kwa jina la Sayansi.

Hatua ya 3: Gawa ubao mara mbili

Baada ya kisa kusomwa kwa sauti, chora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja yaandikwe maswali ya ukweli, ambayo jibu lake linaweza kutafutwa: programu ya simu husomaje majina, na simu inakuwezesha kukataa ruhusa hiyo au la. Upande wa pili yaandikwe maswali ya wajibu, yale ambayo hata ukijua kila kitu bado utalazimika kuamua. Tumieni dakika 10, si zaidi. Maswali ya ukweli yasiyo na jibu pale pale apewe mtu mmoja akayatafute, na kikao kiendelee.

Hatua ya 4: Gawa nafasi za wahusika

Mpe kila mshiriki, au kila wawili, mhusika mmoja: kijana mwandishi wa programu, msimamizi wake, mwenye mtaji, mama lishe, shangazi, ofisa wa Benki Kuu. Kila mmoja aseme kwa dakika mbili mhusika wake alijua nini, alitaka nini na aliogopa nini. Asimtetee wala asimlaani.

Usimsahau mhusika ambaye hakuwepo wakati wa uamuzi. Katika kisa chetu huyo ni shangazi. Mama lishe angalau alibonyeza "kubali". Shangazi hakubonyeza chochote, hakukopa shilingi, wala hakuwahi kuisikia kampuni hiyo, na bado jina na namba yake vimo kwenye kompyuta za watu asiowajua. Mara nyingi mjadala huanza kuwa wa kweli pale mshiriki aliyepewa nafasi ya shangazi anapouliza, "Mimi ridhaa yangu aliitoa nani?" Kila kisa kina shangazi wake. Kwenye Makutupora ni mkulima wa jirani, na kwenye jengo lililoanguka ni watoto waliokuwa wakicheza mpira pembeni.

Hatua ya 5: Fungua mjadala kwa swali la kutenda

Mwenyekiti asiulize, "Mnaonaje kuhusu programu hii?" Aulize hivi: "Wewe ndiye kijana huyo. Ni Jumatatu asubuhi, msimamizi amekwisha kukujibu kwamba ni kwa ajili ya usalama. Unafanya nini kabla ya saa sita mchana?" Swali la kwanza huleta maoni, na la pili hulazimisha mtu achague: kuandika, kukataa, kuuliza tena kwa maandishi, kumwona mkubwa zaidi au kuacha kazi. Kila chaguo liandikwe ubaoni pamoja na gharama yake. Kuacha kazi kuna gharama ya kodi ya chumba, na mwanafunzi anayesema "ningeacha tu" aulizwe kwa upole atakula nini mwezi huo. Vilevile anayesema "ningeendelea tu" aulizwe angemweleza nini shangazi.

Tahadhari: usiruhusu jibu la "Serikali ichukue hatua" litumike kama mlango wa kutokea. Ni jibu halali, lakini linajibu swali jingine. Mwenyekiti alipokee, aliandike pembeni, kisha arudi: "Ndugu mchangiaji, Serikali tumeisikia. Na kijana je?"

Hatua ya 6: Chimba kila hoja

Hoja ikishatolewa, mwenyekiti ana maswali manne ya kuichimba: nani ananufaika, nani anabeba madhara, nani alijua mapema, na nani hakuulizwa. Yasiulizwe yote kwa mfululizo kama mtihani wa mdomo. Lichaguliwe moja linaloigusa hoja iliyopo. Swali la tatu ndilo lenye makali zaidi katika visa vya teknolojia, kwa sababu wataalamu hujua mapema kuliko umma, na sehemu kubwa ya wajibu wao inatokana na ujuzi huo.

Hatua ya 7: Leta sheria baada ya mjadala kukomaa

Ukitaja sheria mwanzoni, watu hunyamaza wakidhani jibu limepatikana. Ilete dakika 20 kabla ya mwisho. Kwa kisa cha mkopo, isomwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali. Kisha uliza: je, tarehe 30 Aprili 2023 kijana huyu hakuwa na kosa lolote? Subiri. Ukimya wa hapo usijazwe haraka.

Kwa visa vya tiba, mfano wa Tuskegee unatosha. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende katika jimbo la Alabama bila kuwaambia ukweli kuhusu ugonjwa wao, na bila kuwatibu hata penisilini ilipopatikana. Kanuni za Nuremberg, zinazotaka ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa utafiti, zilitolewa mwaka 1947 katika hukumu ya madaktari wa Kinazi iliyotolewa na mahakama iliyoendeshwa na Wamarekani wenyewe, na utafiti ule ukaendelea kwa miaka 25 zaidi. Wanafunzi waeleze wenyewe iliwezekanaje.

Hatua ya 8: Fikieni uamuzi na muuandike

Katika dakika 10 za mwisho, kila mshiriki aandike sentensi moja inayoanza na "Kijana huyu alipaswa…" na nyingine inayoanza na "…kwa sababu". Katibu azisome bila majina, azipange kwa kufanana, kisha kikao kichague msimamo wa wengi. Msimamo wa wachache nao uandikwe kwa ukamilifu uleule, pamoja na sababu zake. Kumbukumbu zisainiwe na mwenyekiti na katibu, na nakala abaki nayo mlezi. Hata kama ripoti itatakiwa kwa Kiingereza, mjadala wenyewe ufanyike kwa lugha ambayo washiriki wanaitumia kugombana na kupatana. Tafsiri ifanywe baadaye.

Mambo yakikwama

*Wote wanakubaliana ndani ya dakika tano.* Badilisha jambo moja tu katika kisa. Sema kijana alilipiwa ada na mwenye kampuni, au sema mama lishe alikopa akiwa na nia ya kutolipa. Makubaliano yakibaki palepale, kisa ni chepesi. Kiweke akiba kwa ajili ya kidato cha kwanza.

*Mmoja anatawala.* Tangaza kwamba atakayezungumza lazima kwanza aeleze hoja ya aliyemtangulia kwa namna ambayo mwenyewe atairidhia. Wasemaji wengi hupungua kasi hapo, na wasikilizaji wazuri, ambao mara nyingi walikuwa kimya nyuma, hupata nafasi.

*Wanamtazama mwalimu kabla ya kujibu.* Mwombe Mwalimu, kwa heshima na kabla ya siku yenyewe, akae nyuma na aandike maswali badala ya kuyauliza. Walimu wengi hukubali wakiombwa mapema. Wakiombwa mbele ya darasa huona wamefukuzwa.

*Mtu amesoma hoja ndefu iliyoandikwa na programu ya akili mnemba.* Usimwaibishe. Mwombe aweke simu chini na aseme ni sentensi gani katika hizo angeisimamia mbele ya shangazi. Tatizo huishia hapo, au hugeuka kuwa kisa cha wiki ijayo.

*Hoja imehamia kwenye vyama vya siasa.* Rudini kwenye karatasi ya kisa na muulize mhusika yupi anazungumziwa. Ikiwa hayumo, hoja iwekwe pembeni. Hoja za dini zisifukuzwe kwa njia hiyo, kwa kuwa kwa wengi wetu ndiko wajibu unakotoka. Mchangiaji aombwe tu aieleze kwa namna ambayo mwenzake wa imani nyingine anaweza kuijibu.

*Mshiriki anaanza kueleza kwamba yaliyomo kwenye kisa yamempata mama yake.* Mwache amalize, mshukuru, na usimgeuze kuwa ushahidi wa upande wowote. Katibu asiandike maelezo yake. Baada ya kikao, mlezi azungumze naye faragha, na kama vitisho bado vinaendelea, jumbe zihifadhiwe kwenye simu bila kufutwa na familia isaidiwe kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au kituo cha polisi.

*Muda umekwisha na hamjafika hatua ya 8.* Msikimbilie kupiga kura ya mikono. Sentensi mbili za kila mshiriki ziandikwe nyumbani, katibu azikusanye kesho yake asubuhi kabla ya mstarini, na dakika 15 za kikao kinachofuata zitumike kuzisoma.